Kapu la Barua za Watu

Bahasha ya kahawia haijawahi kumletea mtu salamu. Nina miaka kumi na tisa hapa Edmonton, nawaogesha wazee wa Kiingereza na kuwavalisha soksi, na hilo nilijifunza mapema. Kwa hiyo ile ya kaunsili, yaani halmashauri ya huku, ilipoanguka mlangoni mwezi wa pili, niliiokota kwa vidole viwili, nikaisoma nimesimama, kisha nikaibana chini ya kopo la sukari. Ikae hapo kwanza.

Ilihusu kodi. Si pango, maana pango nampa mwenye nyumba. Hii ni kodi ya kaunsili, inayodaiwa kila nyumba ya kuishi hata kama wewe ni mpangaji tu. Ndiyo inayozoa taka na kuwasha taa za barabarani. Mume wangu Protas alipofariki, miaka minne iliyopita, niliwapigia simu nikawaambia nimebaki mmoja. Wakanipunguzia robo, kwa sababu sheria yao inasema mtu mzima akiishi peke yake anapunguziwa robo. Kusema "nimebaki mmoja" kwa mtu nisiyemjua kulinitoa machozi, lakini nilisema.

Sasa barua ikasema kumbukumbu zao zinaonyesha nyumba yangu ina watu wazima watatu: Placida, ambaye ndiye mimi, na Godbless, na Adelina. Ofisa atakuja kuangalia. Nisipokuwa na maelezo, robo itaondolewa, na ile ya nyuma nitairudisha. Yaani mimi, niliyevaa gauni jeusi mwaka mzima, niitwe mwongo! Nilisonya mpaka paka wa jirani akaruka ukuta.

Lakini tuseme ukweli, kosa lilikuwa langu. Ni kosa letu sisi. Mtu akifika kutoka nyumbani, leo analala kwa binamu Tottenham, mwezi ujao yuko kwenye chumba cha kuchangia Walthamstow, na benki inataka anwani isiyohamahama. Atampigia nani? "Tumia ya kwangu, mwanangu," ndivyo nilivyokuwa nikisema. Anwani si unga, ukimpa mtu haipungui. Godbless, kijana wa rafiki yangu wa Moshi, dereva wa basi, aliitumia benki na kwenye leseni. Adelina, nesi ninayesali naye, aliitumia mpaka kujiandikisha kupiga kura. Barua zao nilikuwa naziweka kwenye kapu la ukindu pale mlangoni, na kila Jumamosi walikuja kuzichukua.

Na mtu akija kuchukua barua, jamani, utampa barua tu? Utampa chai. Akishamaliza chai unamwona anaangalia jikoni, basi unasonga ugali. Tangu Protas aondoke, Jumamosi ndiyo siku nyumba yangu inapiga kelele.

Nilipowaambia habari ya ile barua, Adelina alikuja juu. "Dada Placida, wiki nzima umeificha chini ya sukari? Tuhamishe anwani zetu leo leo, ni simu mbili tatu tu!"

"Tutaona," nikamjibu.

"Tutaona nini?"

"Nimesema tutaona, Adelina. Kula."

Godbless aliinamia sahani yake, akamega tonge jingine. Na mimi sikuwaambia ninachoogopa. Niliogopa kwamba barua zikihama, watu watahama nazo. Robo ya kodi naitaka, nani haitaki? Ila nilikuwa nikiwaza Jumamosi zenyewe, mimi na redio.

Ofisa akachagua kuja Jumamosi iliyofuata, saa saba mchana. Hebu fikiria! Mlangoni kuna jozi tatu za viatu. Godbless yuko mezani na tonge mkononi, Adelina amejinyoosha kwenye kochi na soksi zake, anafungua barua ya benki iliyoandikwa anwani yangu. Nikafungua mlango, nikaona mzee wa kilemba, kitambulisho kifuani, jina lake Avtar. Akatazama viatu, akatazama kapu, akanitazama mimi.

Nikaanza kujieleza kwa Kiingereza, na nikipandwa na hasira Kiingereza changu hukimbia. Nikageuka nikamfokea Adelina kwa Kiswahili, "Wewe nawe, kaa vizuri, utaniponza!"

"Muache apumzike, mama," akasema yule mzee, kwa Kiswahili. "Mimi nimezaliwa Kisumu."

Ala! Nikampisha aingie.

Akapanda juu kukagua. Chumba changu kina kitanda kimoja na mto mmoja. Chumba cha pili kimejaa mapipa ya kutuma mizigo nyumbani, na masanduku ya Protas ambayo sijayagusa. Bafuni mswaki mmoja. Aliangalia ule mswaki kwa muda, kisha akashuka polepole. Chakula alikataa kwa kuwa yuko kazini, lakini chai hakuweza kuikataa.

"Hawa hawaishi hapa," akasema. "Nimeona. Lakini kompyuta haikuja kuona, hiyo inasoma anwani tu. Benki imesema wako hapa, daftari la kura limesema wako hapa. Wahamishe anwani ndani ya siku kumi na nne, uniletee uthibitisho, na robo yako inabaki."

"Bwana Avtar, hebu nieleze kabisa," nikamwambia. "Kodi hii nailipa miaka yote kama mtu anayekunywa dawa asiyoijua."

Basi akanieleza, akichora kwa kidole mezani. Nyumba zimepangwa kwa madaraja, na daraja linatokana na bei ambayo nyumba ingeuzwa mwaka tisini na moja. Kitambo hicho! Hapo hawaangalii mshahara wako. Na ankara ikija nzima, inahesabu kwamba ndani mna watu wazima wawili. Watoto hawahesabiwi, wala wanafunzi wanaosoma muda wote. Ukibaki mmoja, unaomba robo yako. Usipoomba, hakuna atakayekufuata mbio kukupa.

"Na mtu anayekuja kula tu?" nikauliza.

"Huyo hana daraja, mama," akasema, akacheka mpaka kilemba kikatikisika.

Walihamisha anwani zao jioni ile ile. Nilikaa nao nikiwasikia wakitaja namba za nyumba zao kwenye simu, na nilijisikia vibaya, sitaki kudanganya. Jumatatu nilipeleka karatasi. Baada ya wiki mbili kaunsili wakajibu kwamba robo yangu imebaki. Nikamshukuru Mungu, nikalitoa lile kapu mlangoni, nikatia vitunguu.

Jumamosi ya kwanza bila kapu Adelina alikuwa zamu, Godbless naye zamu. Jumamosi ya pili mvua ilinyesha kutwa, sikuona mtu. Nilipika kwa mazoea, nikala kiporo mpaka Jumanne. Nikasema moyoni, si nilijua? Yaliyokuwa kwenye kapu ndiyo yaliyokuwa yakiwaleta.

Jumamosi ya tatu sikupika. Nimekaa na mkate na chai, nikasikia hodi. Godbless, kalowa, bahasha ya kahawia mkononi.

"Shikamoo, mama mdogo. Nimeletewa barua, siielewi."

"Marahaba. Lete hapa."

Ilikuwa ankara ya kodi ya kaunsili ya mwaka mpya, ya kijumba chake cha chumba kimoja kule Ponders End. Nikavaa miwani. Nikapitia daraja, nikapitia mistari, nikafika chini, nikapiga meza.

"Godbless! Unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Na unalipa nzima! Umelipia mtu wa pili ambaye hayupo, mwanangu! Hukuomba robo?"

"Sikujua."

"Ndiyo ujue sasa. Lete simu, tujaze fomu, waulize na ya nyuma." Tukajaza, na mahali panapouliza tarehe aliyohamia nikamwona akiandika mwezi wa tatu, mwaka jana. Nikavua miwani. "Mwaka jana? Umekaa pale mwaka mzima, mlango wako, anwani yako, na barua zako bado zinakuja kwangu? Kwa nini hukuzihamisha?"

Akaanza kukwangua meza kwa ukucha.

"Sema, nakusikiliza."

"Sasa mama mdogo, ningekuja kwa sababu gani? Mtu mzima hawezi kuja kula kwa watu kila Jumamosi hivi hivi."

Nikamtazama. Dereva wa basi la ghorofa, kidevu kina ndevu, na machozi yananitoka kama siku ile niliyowapigia kaunsili simu.

"Na Adelina?"

"Adelina ana nyumba Enfield tangu kabla yangu."

Nilinyanyuka, nikalichukua kapu, nikamwaga vitunguu vyote kwenye sinki. Nikalirudisha mlangoni, tupu. Kisha nikateleka maji ya ugali, nikamwambia ampigie Adelina, amwambie chakula ni saa nane, na asilete barua.