Upande wa Wafanyakazi

Damu ya kwanza kumwagika katika darasa lile la biashara ilitoka mdomoni mwa Tai, na aliyeimwaga ni binti ambaye wenzake walimbandika jina la Bubu.

Walimwita hivyo kwa kuwa tangu muhula uanze hakuwahi kufungua kinywa, na katika somo lile nusu ya alama zilitokana na kuzungumza. Kila juma mhadhiri aliwapa kisa cha kampuni fulani wakakisome, kisha darasani wabishane kana kwamba uamuzi ni wao. Safari hii ilikuwa zamu ya kiwanda cha nguo: meneja alitangaza kukifunga, wafanyakazi wakamkokota hadi uani, wakamponda kwa vyuma vya mashine.

Bubu alikisoma mara mbili. Kiwanda kilikuwa kingine, lakini baba yake naye aliwahi kuwa meneja, na watu wa aina hiyohiyo walimpiga, akarudi nyumbani taya likining'inia na jicho moja limezimika.

"Tai, wewe ndiye meneja," mhadhiri alisema. "Na wewe dada wa kule nyuma, unawasemea wafanyakazi. Leo utasema au utafeli."

Tai, kijana aliyepewa jina hilo kwa kutoilegeza tai yake hata jua likiwaka, alisimama akakohoa kidogo. "Ndugu zangu, soko limeanguka. Uamuzi umeshapita. Tawanyikeni kwa amani."

Bubu aliinuka akaja mbele, akiwa amekusudia kuboronga, watu wale waonekane wanyama walivyo.

"Umepita wapi?" alijikuta akiuliza. "Ulipokuwa unapita, sisi tulikuwa wapi?"

"Hesabu hazina huruma, dada."

"Mwenzangu huyu mashine yako ilimla vidole, ukamwambia ashukuru amebakiwa na gumba. Nitazame ninapokusemesha!"

Tai akatupia jicho saa yake.

Hapo mikono ikamtangulia Bubu. Aliidaka ile tai, akaizungusha kwenye ngumi, akamvuta kijana wa watu mpaka uso ukagonga ukingo wa meza. Mdomo ukapasuka. Wengine walipiga makofi wakidhani ni maigizo, mpaka Tai alipoanza kukoroma, macho yamemtoka pima. Ilibidi wanaume wamrukie Bubu na kumbandua kidole kimoja kimoja.

Kilichomtisha hakikuwa ile damu. Ni utamu wa kuimwaga. Kwa muda wa pumzi moja, hakuwa na shaka yoyote duniani.

"Hoja zako zimewazidi wote muhula huu," mhadhiri alimwambia mlangoni. "Kesho utajieleza mbele ya kamati ya nidhamu."

Nyumbani alimkuta baba yake akinywa uji kwa upande mmoja wa mdomo.

"Darasani kulikuwaje, mwanangu?"

"Nimesema, baba."

"Hatimaye!" Nusu ya uso ikatabasamu. Kisha jicho lake zima likatua kwenye mkono wa blauzi ya binti yake, penye damu, likabaki hapo.

Bubu hakuuficha. "Baba, siku ile, kabla hawajakushika, walikwambia nini?"

Kijiko kiliganda hewani.

"Polisi waliniuliza nilipigwa na nini," baba alisema polepole. "Mama yako akaniuliza ni akina nani. Walichoniambia, hakuna aliyewahi kuuliza." Alikiweka kijiko chini, akajifuta kidevu kwa kiganja. "Funga mlango, mwanangu. Kisha ukae."