Wifi Wawili, Goti Moja

Msusi na wifi yake, fundi cherehani, hawakupikika chungu kimoja tangu siku ya harusi. Mgonjwa wao lakini alikuwa mmoja: mama mzazi wa fundi, mama mkwe wa msusi, aliyevimba goti hata kuinuka kitini ikawa kazi.

Msusi ndiye aliyempeleka kwa daktari. Akapewa vidonge vyenye dawa mbili ndani ya kimoja, ya maumivu na ya uvimbe. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula. Msusi alimpa hivyohivyo. Mchana, yeye akiwa saluni, mama alibaki na binti yake.

Siku ya nne fundi alimsubiri mlangoni, futi ya kupimia nguo shingoni.

"Mama analia goti mchana kutwa, wewe unasuka vichwa vya watu."

"Dawa anakunywa."

"Dawa ya mkono wa birika. Viwili kwa siku."

Msusi alimpita, akaingia ndani. Hakuuliza mama anapewa nini mchana. Kuuliza kungekuwa kumpa wifi nafasi ya kumsema tena.

Jumamosi mama aliamka ameshika tumbo, choo cheusi kama lami. Msusi akamkimbiza hospitali. Fundi akawakuta huko, akipumua kama aliyefukuzwa.

"Anatumia dawa gani?" daktari akauliza.

Msusi akatoa pakiti. Fundi akainamisha kichwa, kisha akafungua mkoba na kutoa pakiti mbili za kwake.

Daktari akazisoma zote.

"Hizi zako mbili tayari zimo ndani ya kile kidonge. Mmempa dawa zilezile mara mbili. Ya maumivu ikizidi huharibu ini. Hii ya uvimbe imemtoa damu tumboni. Alikula kabla ya kumeza?"

"Mchana huwa hali kitu," fundi alijibu kwa sauti ndogo.

Msusi alisikia furaha mbaya ikimpanda kifuani. Haikudumu.

"Amewahi kuwa na vidonda vya tumbo?"

"Zamani," fundi akasema. "Kabla huyu hajaolewa."

Daktari akamgeukia msusi. "Mlipoandikiwa vidonge hivi, hukusema."

"Sikujua. Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza," fundi akasema.

"Ningekuuliza wewe?"

"Gombaneni nje," daktari akasema. "Huyu analazwa."

Mama alilala wodini siku sita. Alirudi amekonda, kakatazwa kabisa dawa za uvimbe, kabaki na ile ya maumivu peke yake.

Wifi hawakupatana. Salamu hawapeani hadi leo. Ila kila siku adhuhuri simu ya msusi hulia pale saluni, naye huipokea mikono ikiwa bado kwenye nywele za mtu.

"Umempa nini, saa ngapi?" fundi huuliza.

"Viwili, saa mbili."

"Amekula?"

"Amekula."

Fundi hukata simu bila kuaga.