Mbege Ilishanywewa

Ga-ga-ga-ga! Niliisikia mashine ya kupiga picha ubongo kabla sijaiona, kama mafundi bati wa Gerezani wamehamia hospitali ya Upanga. Ndani yake alilazwa mama yangu, Clotilda, mwenye duka la vitenge Kariakoo.

Mama alikuwa ameanguka dukani, akaamka na ulimi mzito. Picha ya kwanza, ya kupima jinsi sehemu za ubongo wake zinavyowasiliana, ilisema mawasiliano ni dhaifu. Baba mdogo Marcelino akaiinua mbele ya ukoo: "Shemeji nyaya zimekatika kichwani. Duka nitalishika mimi." Kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, wazee wakanywa. Kwetu Wachaga, neno likishanywewa limepita.

Ndipo nikamlazimisha Daktari Manan, aliyepiga picha ile, apime tena; ndiyo hiyo mashine niliyoisikia.

Mama alitoka mashineni akijifunga khanga. "Leo sikusinzia," akasema polepole.

Daktari akageuka. "Kwani siku ile ulilala?"

"Baba, mimi naamka kabla ya adhana. Mmenilaza, mmenifunika shuka, mmezima taa. Kelele? Mimi wa Kariakoo!"

Daktari alicheka, kisha akaacha. Aliziweka picha mbili pamoja. Ya leo ilionyesha mawasiliano mazuri.

"Ubongo uliolala hauongei kama ulio macho," alisema. "Nilipaswa kumuuliza."

"Kwa hiyo hii ndiyo ya kweli?" nikauliza.

"Hata hii peke yake siwezi kuiapia, bwana mdogo. Tulipima kwa muda mfupi mno. Lakini ile ya kwanza haikufaa kumnyang'anya mtu duka."

Tulimkuta baba mdogo mlangoni pa duka, kufuli jipya mkononi. Vitenge vya mama vilitupwa pembeni. Rafu zilijaa redio za Dubai. Siku hizo kila mtu alikimbilia Dubai.

"Shikamoo, baba mdogo. Picha ya kwanza ilikosea. Mama alikuwa amelala."

"Marahaba. Amelala!" Akacheka na wateja. "Dukani je, hatalala? Mbege ilishanywewa, kijana. Picha hubadilika, neno la wazee halibadiliki."

Mama aliokota kitenge kimoja, akakikung'uta vumbi. Nikamshika mkono, nikasema kwa sauti, Marcelino asikie:

"Mama, Desemba ukoo ukipanda Moshi kwa sikukuu, mbege nitaileta mimi. Na hakuna atakayetia mdomo kwenye kata kabla hajakusikiliza wewe, kwa ulimi wako mwenyewe."