Usingizi wa Mama Exaucée

Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, Masengo alikuwa amechutama nyuma ya nyumba, katika kambi ya reli ya Kamina, akipepea makaa ya jiko lake la mbabula kwa kifuniko cha sufuria. Mgongoni alikuwa amembeba Exaucée, binti yake wa mwaka mmoja na miezi saba. Mtoto alikuwa macho, mwenye furaha, akimvuta nywele. Alikuwa ameamka mara sita usiku ule, kama usiku uliotangulia, na kama ule wa kabla yake.

Maji yalipoanza kuchemka, usingizi wa Masengo ulitoka nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Ulikuwa na urefu wake, kovu lake la kidevuni na kitenge chake cha zambarau. Tofauti ilikuwa usoni. Chini ya macho ya usingizi ngozi ilikuwa laini, na nywele zilikuwa zimesukwa.

"Nilichoka kukungoya," usingizi ulisema. "Kila mara ninaingia, weye unasimama. Minyi si kuku ya kufukuzwa-fukuzwa."

"Utarudia siku gani?" Masengo aliuliza.

"Siku utalala busiku moya muzima. Tangu taa inazimika mpaka jogoo analia, bila kusimama ata mara moya. Apo njo nitaingia."

"Na mutoto?"

"Muntu mwingine atasimama."

Masengo aliona kwamba sharti hilo lilikuwa la haki. Akamimina chai. Usingizi ukarudi ndani, ukajilaza upande wake wa kitanda.

Constant, mumewe, aliamka saa moja. Alimwona mke mmoja ameshika kikombe na mwingine amelala kando yake. Aliwatazama kwa zamu.

"Huyu ni nani?"

"Ni usingizi yangu."

"Atakula?"

"Hapana."

"Basi haiko matata," Constant alisema, akachukua chai.

Constant alikuwa msaidizi wa pili katika stoo ya reli, kazi ya kuandika kilichoingia na kilichotoka, na aliifanya kwa mwandiko mzuri sana. Kila mwezi alikuwa akiwaambia wenzake kwamba mtoto wake analala vizuri. Hakuwa anadanganya. Katika miezi kumi na tisa hakuwahi kusikia sauti yoyote kati ya saa tatu usiku na saa moja asubuhi, na mtu huwezi kumlaumu kwa jambo ambalo hakulisikia. Constant mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema hilo.

Jumapili alikwenda kanisani na usingizi, kwa sababu Masengo alibaki na mtoto. Wamama wa kwaya waliuzunguka mlangoni.

"Mama Exaucée! Angalia sura! Uko mubichi kabisa!"

"Maombi inatumika, bamama. Tulisema!"

Usingizi ulitabasamu bila kufungua macho. Constant hakuona sababu ya kuwasahihisha. Alikuwa amevaa koti la kijivu, na kwa muda mrefu hakuwa amekaa karibu na mke aliyelingana na koti hilo.

Wiki hiyo Masengo alitia chumvi kwenye chai na sukari kwenye sombe ya majani ya muhogo. Jumatano alikwenda sokoni kununua unga akarudi na kiatu kimoja cha mwanamume. Alhamisi, mwenye pikipiki alimkwepa kwa shida karibu na kivuko cha reli, akamwita majina ambayo hayaandikwi. Ijumaa alisinzia akiwa amesimama mbele ya mbabula, mtoto mgongoni, na ncha ya kitenge ikashika moto. Phébé, jirani yake, mke wa askari wa base ya jeshi, aliruka ukuta na beseni la maji ya vyombo, akalimwaga lote. Mtoto hakuungua. Alicheka, akaomba tena.

"Masengo, utaua mutoto," Phébé alisema. "Minyi nipe huyu mutoto busiku moya. Moya tu. Nyumba yangu iko hapa, ata ukikohoa ninasikia."

Masengo alimpelekea mumewe ombi hilo jioni.

"Mutoto wa reli kulala kwa basoda?" Constant aliuliza. "Bantu batasema nini?"

Hakusema ni watu gani. Alirudi kwenye sahani yake ya ugali, na ingawa bukari hiyo ilikuwa na chumvi nyingi, alisamehe.

Basi akaitwa Mama Umba, mama yake Constant, kutoka Kabondo-Dianda. Alisafiri siku mbili kwa sababu ya barabara, akafika na unga wa muhogo na uchungu wa kiuno. Masengo alimpigia magoti kumsalimu, akamweleza.

"Minyi nilizaa tisa," Mama Umba alisema. "Nani alisimamaka busiku? Ni minyi."

"Na usingizi yako, Mama?"

"Yangu ilienda wakati Constant anazaliwa. Banaionaka kule Mulongo. Inaikala na bavuvi, inanona." Alifikiri kidogo. "Banasema iko na meno yote."

Alisema hivyo kama mtu anayetoa habari za ndugu aliyehama. Kisha akaomba maji ya moto ya kiuno, akalala saa mbili usiku, akakoroma mpaka asubuhi, ingawa kwa kweli huko hakukuwa kulala bali kufunga macho tu.

Pasta Nahum wa kanisa lao alikuja Jumatatu jioni, pamoja na shemasi wake, kuombea nyumba. Alianza kwa kuusalimu usingizi, kwa kuwa ndio uliokuwa umevaa vizuri, kisha akamsalimu Masengo. Aliomba kwa dakika arobaini kwa sauti kubwa, na mtoto, aliyekuwa amesinzia dakika tano tu kabla, aliamka. Hata hivyo Nahum alikuwa ameona kitenge kilichoungua kikining'inia kwenye kamba, na hakuwa mtu mbaya.

"Ndugu Constant," alisema, "busiku moya. Mungu anakuangalia."

Constant angeweza kumkatalia mke, mama na jirani. Lakini pasta alikuwa amesema mbele ya watu wanne, na mmoja wao alikuwa shemasi.

"Nitasimama Ijumaa," alisema. "Lakini kazi haikamatwake hivi hivi. Inaomba remise na reprise."

Hakuna aliyecheka. Katika mji ule hakuna ofisi, stoo wala sanduku la kwaya linalotoka mkono mmoja kwenda mwingine bila karatasi hiyo ya makabidhiano. Anayeondoka anaorodhesha kila kitu, anayeingia anahakikisha, wote wawili wanatia sahihi mbele ya mashahidi. Kilichoandikwa, umekipokea. Kisichoandikwa, hakikuhusu.

Constant aliiandika hati kwa siku tatu, nakala tatu, kwa kaboni. Hakuwahi kumfanyia mtoto wake kazi kubwa kama hiyo. Ijumaa saa mbili usiku aliisoma akiwa amesimama katikati ya chumba, mbele ya Pasta Nahum na Phébé, waliokuwa mashahidi.

"Mutoto moya, mwanamuke. Hali: anapumua."

"Anapumua," alisema Nahum baada ya kuangalia.

"Chupa mbili. Thermos moya, kifuniko yake imepasuka. Bitambala bya mavi, tano. Taa ya sola, moya. Mukeka, moya."

"Baba Exaucée," Phébé alisema, "na mavi yenyewe umeiandika?"

"Itaandikwa kama inatoka."

"Weka na kilio. Usiseme kesho haukupokea kilio."

"Mama, hii ni karatasi ya serieux."

"Minyi pia niko serieux. Niko shahidi."

Kilio hakikuandikwa, kwa kuwa hakikuwa kitu cha kushikika. Waliweka sahihi. Masengo aliweka ya kwake bila kusoma, kwa sababu herufi zilikuwa zikitembea. Mama Umba alitazama kutoka kwenye kiti, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Hakuna mwanamume katika ukoo wao aliyewahi kupokea usiku.

Masengo akalala. Alivua viatu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kitandani tangu mvua zilizopita, akaomba sala fupi: kwamba Mungu amshike mtoto, amshike na Constant, na amwache yeye kidogo. Taa ilizimwa. Usingizi ulikaa kwenye ukingo wa kitanda, ukamgusa nyayo, ukaanza kuingia. Uliingia kwa utaratibu, kama maji ya mto yanavyoingia shambani: visigino, vifundo, magoti. Masengo alihisi miguu yake ikiwa mizito, ya mtu mwingine, na alitabasamu gizani.

Saa nne na nusu Exaucée aliamka akalia.

Constant alisikia. Alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya mkeka, amevaa koti, na kilio kilimfikia masikioni kwa mara ya kwanza. Aliona kuwa ni kikubwa kuliko alivyotarajia. Aliwasha taa, akaifungua hati. Alimpa mtoto chupa ya kwanza kama ilivyoandikwa, mtoto aliisukuma. Alimpa ya pili, aliitupa. Kisha Exaucée akanyoosha mkono kuelekea ukutani, kwenye msumari, mahali kilipotundikwa kipande cha fulana kuukuu alichozoea kukisugua puani anapolala.

Constant aliangalia msumari. Akaangalia hati, mstari kwa mstari, pande zote mbili. Kipande cha fulana hakikuwamo.

Mtu mwingine angekitoa msumarini. Kilikuwa umbali wa hatua mbili. Lakini Constant alikuwa amefanya kazi stoo miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo hakuwahi kugusa kitu ambacho hakukipokea. Alimwomba mtoto angoje. Mtoto hakungoja. Basi akaenda kitandani, akamshika mkewe bega, akalitikisa.

"Masengo. Masengo. Kuko kintu haikuandikwa."

Usingizi ulikuwa umefika kiunoni.

"Iko kwa musumari," Masengo alisema, macho yamefumba. "Kamata tu."

"Nikamate namna gani? Haiko kwa lisiti ya bintu. Simama uongeze, utie signature hapa pembeni. Ni dakika moya."

"Constant, nakuomba. Kamata tu."

"Na bashahidi benyewe balienda," Constant alisema, na hilo ndilo lililomsumbua kweli.

Mtoto alilia mpaka akakosa pumzi. Masengo akasimama.

Usingizi ulimtoka wote kwa mara moja. Ulisimama kando ya kitanda ukikunja kitenge chake, bila hasira. Masengo alikichukua kipande cha fulana, akampa mtoto, akamweka begani. Kisha, kwa kuwa Constant alikuwa amemnyooshea kalamu, akatia sahihi pembeni.

Constant alikagua sahihi hiyo kwenye mwanga wa taa. Alieleza, kwa upole, kwamba hati iliyosahihishwa bila mashahidi ni batili, na makabidhiano yote yamesimama mpaka irekebishwe. Akavua koti, akalitundika, akalala. Usingizi ulikuwa umekwisha kupanda upande wa pili. Katika nyumba ile walibaki macho watatu: mtoto, Masengo na Mungu, na Mungu hakuombwa sahihi.

Jumapili Constant alitoa ushuhuda. Alisema alisimama usiku kwa ajili ya mtoto wake, na kwamba ni kazi ngumu, lakini kwa Mungu na kwa utaratibu inawezekana. Kanisa lilipiga makofi. Mama Umba alipiga kigelegele. Wanaume watatu walimfuata nje wakaomba nakala ya hati, na mmoja aliuliza kama inafaa pia kwa mapacha. Usingizi ulikuwa kwenye benchi ya mbele, umekaa wima, kichwa kimeinama kwa namna iliyofanana na unyenyekevu. Masengo alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, akimzuia Exaucée asile chaki ya ubao wa nyimbo.

Hati mpya inaandikwa. Constant ni mtu mwangalifu, na safari hii hataki kisahaulike kitu. Amefika ukurasa wa nne, kwenye misumari. Mama Umba amerudi Kabondo-Dianda. Phébé humwagia maji mtu yeyote anayesinzia karibu na moto, na hamlaumu mtu. Usingizi umezoeleka kambini. Watoto huusalimu, nao huwapungia mkono.

Juzi, saa nane usiku, Exaucée aliamka kwa mara ya nne. Masengo alishusha miguu sakafuni. Usingizi ulifungua jicho moja.

"Anataka nini?"

"Anataka muntu."

"Basi weye simama," usingizi ulisema. Ukavuta blanketi, ukamfunika Constant mabega kwanza, kisha ukajifunika wenyewe.