Mpaka Vita Ikiisha

Kesi ya kwanza ya Maître Lydie, wakili mpya, ilisimama juu ya maneno machache. Miaka mitano iliyopita Athanase, mfanyabiashara wa Bunia, alimpokea Mama Martine, aliyekimbia vita Djugu, akampa nafasi katika kiwanja chake. Waliandika karatasi: "Atakaa hapa mpaka vita ikiisha." Sasa Athanase alikitaka kiwanja. Kijijini kwa Martine, alisema, risasi haijasikika tangu mwaka jana.

Chuoni Lydie alifundishwa falsafa iliyomteka: hakuna andiko lililojifunga lenyewe. Neno huegemea neno lingine, nalo lingine, na sheria hufumuka vilevile kwa kuwa nayo imeandikwa. Akasimama mbele ya jaji kumtetea Martine, akafumua.

"Vita ni risasi tu? Nyumba ya huyu mama kule Djugu iliungua, shamba yake iko na watu wengine. Nani atasema vita iliisha? Ile neno haina mupaka, Bwana Juge."

Fulgence, wakili mzee wa Athanase, hakukasirika.

"Mwenzangu anasema kweli. Lakini 'atakaa' nayo iko na mupaka? Kukaa ni kulala, ao ni kujenga? Neno moja ikifunguka, yote inafunguka."

Akaketi. Lydie alitafuta jibu. Akisema "atakaa" liko wazi, basi na "vita" liko wazi. Akikataa, Martine hana karatasi tena.

Jaji akamgeukia Martine. "Mama, kwa weye, vita iliisha?"

Martine alifikiri sana. "Siku ya soko, inaisha. Mutoto akiniuliza baba yake iko wapi, inarudia."

Jaji akasema hawezi kungoja maneno yamalize kubishana. Aliamua Martine abaki na nusu ya kiwanja yenye nyumba aliyoijenga humo, Athanase achukue nusu nyingine leo. Hakutaja kifungu chochote cha sheria. Lydie aliona ni haki. Kama ni sheria, hakujua.

Nje, Martine alimshika mkono. "Maître, tulishinda?"

"Sijue, mama. Unabaki."

Hatua chache kutoka pale, Athanase alikuwa akimwuliza Fulgence swali lilelile, naye Fulgence alikuwa akisoma uamuzi kwa mara ya pili, kidole chini ya kila mstari.

"Na maharagi yangu?" Martine aliuliza. "Iko upande yake."

Hilo hakuna aliyelisema mahakamani. Lydie akamwita Athanase, wakaondoka wote wanne kwenda kuyaangalia.