Makaburi ya Safu ya Chini

Jumapili ile Mariana aliposhuka makaburini baada ya misa, alikuta ziwa limeshafika. Masika ilikuwa bado inamwaga, na maji yaliyozoea kukaa mbali sasa yalikuwa yanalamba mawe ya kaburi la mwisho upande wa chini. Kutoka hapo mpaka kwa Heritier zilikuwa hatua sita. Alizihesabu mara mbili.

Heritier alikuwa mwanawe wa kwanza. Alikufa kwa kipindupindu akiwa na mwaka na nusu, siku ya nne baada ya mama yake kuteremka kwenye boti la watu waliokimbia vita ng'ambo, Kongo, mwaka wa tisini na sita. Watu wa Ujiji waliwaonea huruma wageni, wakawapa mahali pa kuzika. Mahali penyewe palikuwa chini, karibu na maji, ambako wenyeji hawakupenda kulaza watu wao.

Aliyemwosha mtoto yule alikuwa Ashura, mke wa mvuvi, ambaye hakuwahi kumwona Mariana kabla ya siku hiyo. Ashura naye alikuwa na kichanga, Yassir. Wiki iliyofuata ugonjwa ukamwangusha yeye, maziwa yakakauka, na Mariana, ambaye kifua kilikuwa kinamuuma kwa maziwa yasiyo na mwenyewe, akamchukua Yassir akamnyonyesha miezi miwili. Tangu hapo wanawake wale wakawa ndugu. Walianika dagaa kichanja kimoja, wakauguzana, wakazikiana. Mtaa mzima ulimwita Mariana Mama Heritier, ingawa wengi hawakumjua Heritier mwenyewe.

Sasa Yassir alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, msemaji hodari, na mwaka ule wa uchaguzi alikuwa anautaka udiwani.

Mariana alikwenda kwa Amuri, mwenyekiti wa mtaa. Amuri akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, akamwalika mtaalamu wa maji, Anatoli, Mha wa Kalinzi, mtu mpole mwenye sauti ndogo. Anatoli alisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," watu wakaitikia, kisha akaeleza. Mvua za miaka hii si zile za zamani, alisema. Dunia imepata joto, na ziwa linaweza kupanda tena mwakani. Ushauri wake ulikuwa kuhamisha makaburi ya chini na nyumba za mstari wa kwanza, vyote vipelekwe juu, upande wa mashamba.

Mashamba ya juu mengi yalikuwa ya Mzee Dadi. Alisimama kabla Anatoli hajakaa.

"Mwaka wa sitini na nne maji yalifika mlangoni kwa babu yangu, yakarudi yenyewe. Hii ni kazi ya Mungu, na Mungu hahitaji shamba langu."

"Mzee, hata mimi natamani yarudi," Anatoli alijibu. "Lakini hii dunia imepashwa moto."

"Imepashwa na nani?" akauliza mtu mmoja.

"Viwanda, magari, moshi. Zaidi ni nchi kubwa."

"Basi nchi kubwa zije zihamishe makaburi!"

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja wa upinzani akasema tabianchi ni jina jipya la uzembe, kwamba waliahidiwa ukuta wa mawe uchaguzi uliopita na hakuna hata jiwe moja lililoletwa. Wa chama kingine wakamzomea. Mariana alikuwa amekaa kwenye mkeka na Ashura, anasikiliza, akaona kwamba kila mtu amechagua sababu isiyomgharimu kitu. Hata yeye maneno ya Anatoli yalimpendeza, kwa kuwa yalimtwika mzigo mtu wa mbali.

Ndipo Yassir akasimama.

"Ndugu zangu, tusifichane. Nani kamaliza misitu? Nendeni makambini mkaone vilima vilivyobaki vipara. Udongo wote umeshuka ziwani, maji yaende wapi? Nipeni udiwani. Wakimbizi watarudi kwao, na maji yatarudi kwao!"

Makofi yalilia. Baadhi ya vichwa viligeuka kumtazama Mariana. Anatoli alijaribu kusema kwamba ziwa ni kubwa mno kujazwa na udongo wa vilima vile, lakini sauti yake haikufika safu ya tatu. Ashura alikuwa ameinama, anakunja na kukunjua pindo la khanga yake.

Jioni alimfuata Mariana uani.

"Mama Heritier, usiyaweke moyoni. Ni siasa tu."

"Mwanangu alikata mti gani, Ashura?"

"Hakukusema wewe. Amesema wale wa makambini."

"Mimi nilitoka wapi?"

"Yassir ni mwanangu," Ashura alisema.

"Na mimi nilimnyonyesha."

Hawakugombana. Afadhali wangegombana. Kesho yake kila mmoja alianika dagaa zake peke yake.

Mariana aliomba kibali cha kufukua. Amuri alimwambia kibali hakitoki mpaka kamati ikae, na kamati haikai mpaka uchaguzi upite, maana kila chama kinataka watu wake ndani. "Ukifukua bila karatasi, mama, atakayefungwa ni mimi." Mtu wa kweli, Amuri, na kwa hilo hakudanganya. Hata kibali kingepatikana, mifupa ingepelekwa wapi? Mzee Dadi alikuwa ameshazungushia shamba lake miba.

Basi akajaza mchanga kwenye viroba, akavipanga kaburini. Siku ya pili Ashura alikuja mchana kweupe, akatua mzigo wa viroba vitupu, akatazama juu barabarani ambako gari la kampeni la mwanawe lilikuwa linapita na muziki, akaondoka.

Mwezi wa tisa upepo ulivuma siku mbili mfululizo. Siku ya tatu ulipotulia, Mariana alishuka. Safu ya chini haikuwepo. Viroba vitatu vilikuwa vimepasuka ndani ya maji, na palipokuwa na Heritier paliogelea bata wa mtu. Alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, hajui aelekee wapi kumlilia.

Yassir alishinda. Kamati ilikaa Desemba, ikaja na daftari kuorodhesha makaburi ya kuhamishwa.

"La mwanao ni lipi, mama?" aliuliza karani.

Mariana alionyesha maji.

"Sisi tunaandika yanayoonekana."

Akaliruka, akaenda kwenye linalofuata.

Februari mvua zikaanza upya, na orodha ilikuwa bado mezani kwa mtu fulani, maana wajumbe walishindwa kukubaliana waandike nini penye neno "chanzo". Asubuhi moja Ashura alibisha hodi kwa Mariana. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini.

"Yamefika kaburini kwa mama yangu," alisema. "Yassir anasema nisubiri, wanajadili."

Mariana alimtazama. Alitafuta hasira aliyoiweka miezi yote ile, asiione.

"Una viroba?"

"Sina. Nilikupa vyote."

"Ingia kwanza unawe miguu," Mariana alimwambia. Halafu akajitanda khanga, wakashuka pamoja mikono mitupu.