Vyumba Elfu Visivyo na Mlango

Maziwa hayana simile. Ukiyaambia ngojeni kidogo, gari linakuja, yenyewe yanaganda, na hapo hata uyabembeleze vipi hayarudi. Bibi Mwaija wa Kwaluguru alilijua hilo tangu utoto, lakini mwaka huu lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kikundi chao cha wanawake kilikuwa na birika la saruji ndani ya kibanda cha bati. Asubuhi walitumbukiza makopo ya maziwa ndani ya maji, wakatia barafu iliyoletwa na bodaboda kutoka Chanika, pale Handeni mjini, wakangoja gari la mnunuzi kutoka Korogwe. Ikifika saa sita barafu imekwisha, na bati linachoma kama kikaango. Mara mbili Godlisten, mwenye gari, alichanganya maziwa na spiriti kwenye kichupa chake cha kupimia, akaona yamekatika vibonge, dalili ya kuchacha, akaondoka na gari tupu. Mara ya pili alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliowatisha: yakiharibika tena, atanunua kwa watu wa Mkumbara, walio kando ya lami, wala Kwaluguru hapandi tena.

Walikwisha kujaribu kuzungushia birika maranda ya mbao ili kuzuia joto. Yakalowa, yakaoza, panya wakazalia humo.

Hapo ndipo jirani yake, Hosiana, alipokuja na neno. Hosiana ni Msambaa aliyeolewa hapo kijijini, na kabla ya hapo alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha vioo Dar es Salaam. Alieleza kwamba chupa mbovu zikitwangwa zikawa unga, ukachanganywa na unga wa maganda ya mayai, ukachomwa kwa moto mkali, huumuka kama mkate. Ndani hubaki vipovu vilivyozibwa kila kimoja peke yake. Joto halipati njia, maji hayaingii, na panya hana cha kutafuna.

"Unga naujua mimi, bibi," alisema. "Moto unaujua wewe."

Na kweli, Bibi Mwaija alikuwa mfinyanzi, vyungu vyake vilitafutwa hadi Handeni mjini. Lakini, Mzigua kwa Msambaa, hakukubali bila utani. Alimwambia nyinyi Wasambaa mmeishiwa baridi ya milimani, sasa mnatuletea baridi ya kwenye chupa. Hosiana akamjibu kwamba Mzigua hata akiamkiwa shikamoo na baridi, ataiuliza wewe mtoto wa nani.

Wakatwanga, kanga zimefungwa puani, wakachekecha. Wakajaza unga kwenye vyano vya udongo vilivyopakwa majivu, wakawasha tanuri. Lilipofunuliwa, tofali kumi na mbili zilikuwa zimeumuka, nyekundu, zinapendeza kama maandazi ya Idi. Bibi Mwaija akafanya alivyofundishwa na mama yake: chungu hutolewa kingali chekundu, kikanyunyiziwa maji ya magome ili kikaze. Akazitoa, akanyunyizia. Ta! Ta! Tofali kumi na mbili, milio kumi na miwili, na chini vigae vitupu.

Hosiana alishika kichwa. Hakudhani kwamba ilihitaji kusemwa: kioo cha moto hupozwa polepole.

Bibi aliketi kwenye kigoda chake, akavitazama vile vigae mpaka jua likapinda. Kisha akasema, "Nimekosea kumwita huyu chungu. Huyu ni mzazi. Mwanamke akijifungua leo, unamtoa uani apigwe na upepo?"

Safari ya pili hawakuzitoa. Walizifukia tofali kwa majivu ya moto humo humo tanurini, wakaziba mdomo kwa udongo, na Bibi akakataza mtu kuchungulia. Siku ya nne walizitoa nzima, nyepesi, ukizitupa majini zinaelea. Walichoma hivyo tena na tena mpaka zikatosha, wakazungushia birika lote, wakatengeneza na kifuniko chake.

Siku ya kupimwa, jua lilikuwa kali na Godlisten alipata pancha njiani. Saa nane ikapita. Saa tisa wanawake wa kikundi wakaanza kunong'ona kwamba heri kila mtu achukue yake akagandishe nyumbani. Bibi Mwaija alikalia kifuniko. Aliwaambia kila anayefunua anamkaribisha jua ndani, na yeye hanyanyuki.

Gari lilifika saa kumi. Godlisten alitoa shikamoo, akatoa kichupa, uso wa mtu aliyekuja kuaga. Ndipo Bibi aliponyanyuka, akafunua. Barafu ilikuwa ikielea, mapande makubwa kama ngumi. Godlisten alitia mkono majini, akauondoa haraka. Akachanganya maziwa na spiriti, akakitikisa kichupa, akakiinamisha juani. Maziwa yaliteremka laini, bila hata chembe. Akapima kopo la pili, la tatu, mpaka la mwisho.

"Barafu hii mmeitia sasa hivi, bibi?"

"Kitendawili," alisema Bibi Mwaija.

"Tega."

"Nyumba yangu ina vyumba elfu, wala hakuna chenye mlango."

Godlisten alikuna kichwa, akataja yai, akataja komamanga. Wanawake walikuwa wameshaanza vigelegele, makopo yanapandishwa garini. Mwishowe akaomba apewe jibu, na mji akampa Bibi, Korogwe nzima. Bibi akampakatisha tofali moja mikononi kama mtoto mchanga, akamwonyesha vipovu vyake na nyingine zilizozunguka birika.

Godlisten aliigeuza, akaigonga kwa kucha, akalitazama gari lake lililochemka juani. Akauliza kama anaweza kupata za kuzungushia bodi, aanze nazo kesho.

"Kesho huzipati," alisema Bibi. "Mzazi wetu hatoki ndani kabla ya siku ya nne. Wewe njoo uchukue maziwa."